Labani Aliona Pete Mbele ya Kuona Mtu

Mahubiri yaliyotolewa kwenye redio. Andiko la kusoma nyumbani: Mwanzo 24:28-60

   

Leo tunataka kusema juu ya arusi, na juu ya ndugu zetu wanaotoka mbali kuja kwenye arusi. Kila mwaka, masomo yakifungwa mwezi wa saba, na tena Noeli ikikaribia, mji wetu unapokea wageni. Wanatoka Kanada, Marekani, Ubelgiji, Ufaransa. Ni watoto wetu. Walizaliwa hapa Mudzi Pela, Nyakasanza, Lumumba. Wanakuja kwa sababu mdogo wao anaoa, au binti wa jamaa anaolewa. Inapaswa kuwa furaha. Lakini ninyi mnajua kama sisi kwamba mara nyingi wanarudi na machozi, na jamaa inabaki imegawanyika, na bibi arusi anaingia katika nyumba yake mpya akiwa na uchungu. Tujiulize mbele ya Neno la Mungu: kwa nini furaha inaharibika?

Tufungue Mwanzo sura ya 24. Abrahamu naye alikuwa mtu wa mbali. Alitoka kwao, akakaa katika nchi ya wengine miaka mingi. Wakati mwana wake Isaka alipofika umri wa kuoa, Abrahamu akamtuma mtumishi wake mzee arudi kwao, kwa jamaa yake, kutafuta bibi. Mtumishi akaenda na ngamia kumi. Akamkuta Rebeka kisimani. Alipoona moyo wake mwema, namna alivyonywesha ngamia bila kulazimishwa, akamvalisha pete ya dhahabu na vikuku viwili vya dhahabu. Rebeka akakimbia nyumbani kusimulia. Sasa soma kwa uangalifu mstari wa 30. Maandiko yanasema Labani, kaka yake Rebeka, aliona ile pete na vile vikuku mikononi mwa dada yake, akasikia habari, ndipo akaenda kwa yule mtu kisimani. Katika mstari wa 31 anamwita mbarikiwa wa Bwana, anamwambia nyumba iko tayari, na fasi ya ngamia iko tayari.

Maneno yake yalikuwa mazuri, maneno ya kanisa kabisa! Lakini Roho Mtakatifu hakuacha kutuonyesha kitu kilichotangulia. Labani aliona pete mbele ya kuona mtu.

Wapendwa, hilo ndilo jambo letu la leo. Ndugu anapotoka mbali kuja arusini, tunaona nini kwanza? Tunaona yeye, au tunaona pete?

Tuwasimulie habari ya bwana mmoja na bibi yake. Wametupa ruhusa ya kuisema, bila majina.

Walitoka Bunia mwezi wa tano mwaka 2003. Wengi wenu mnaukumbuka mwezi ule. Askari wa Uganda waliondoka, na mji ukajaa damu, mpaka askari wa Ulaya walioitwa Artemis walipoingia mwezi wa sita. Hao wawili walikuwa wameoana mwaka mmoja tu. Walishuka mpaka ziwa Albert, wakavuka usiku ndani ya mtumbwi, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Kyangwali kule Uganda. Kisha Kanada ikawapokea. Leo bwana anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, fasi ya baridi kali, kisu mkononi saa nane nzima. Bibi anaogesha wazee na kuwalisha. Watoto wao watatu walizaliwa kule.

Walipata uraia wa Kanada. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 10, haikubali mtu kuwa Mkongo na raia wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtu ambaye kitovu chake kimezikwa hapa Bunia anaomba viza na kuilipa, ili aje kumwona mama yake mzazi. Anasimama kwenye mstari wa wageni. Anaulizwa anakuja kufanya nini, na atakaa siku ngapi. Huyo ndiye tunayemwita tajiri.

Mwaka jana mdogo wa bwana huyo alitaka kuoa. Mdogo ni mwalimu wa masomo ya msingi hapa mjini. Ninyi mnajua mshahara wa mwalimu, na mnajua namna unavyochelewa. Bibi arusi ni binti wa jamaa iliyokimbia kutoka Djugu mwaka 2018. Kule walikuwa na ng'ombe na shamba. Walifika Bunia na magodoro mawili na sufuria. Jamaa mbili zikakutana, zikakubaliana mahari: ng'ombe watano, mbuzi wanne, suti ya baba, vitenge vya mama na vya shangazi, blanketi, majembe, chumvi, sabuni. Karatasi ikaandikwa. Watu wakala, wakaomba, wakapeana mikono. Mwalimu alikuwa ameweka akiba miaka mitatu. Alikuwa na ng'ombe watatu tayari, na wazee wakakubali wawili waliobaki waje pole pole.

Kisha habari ikatembea: yaya wake wa Kanada anakuja na bibi yake! Wakashuka Entebbe, wakapanda avio ndogo, wakatua Bunia siku ya tano. Siku ya sita asubuhi, mbele hata hawajaenda kwenye kaburi la baba, mjumbe alifika na karatasi mpya. Ng'ombe watano wamekuwa kumi. Imeongezwa moto mpya kwa mjomba. Imeongezwa simu ya bei kwa kaka wa bibi arusi. Na chini ilikuwa imeandikwa kwamba mambo haya yaishe mbele ya siku ya arusi, yaani katika siku nane.

Wapendwa, hakuna kilichobadilika kwa yule binti. Hakuna kilichobadilika kwa yule mwalimu. Kitu kimoja tu: pete ilionekana.

Neno la Mungu lina mambo manne ya kutufundisha hapa.

Jambo la kwanza: jicho la Labani linaharibu nyumba ya Labani mwenyewe.

Tusimhukumu haraka mjomba aliyeandika karatasi ya pili. Tulizungumza naye. Alisema ng'ombe zake ishirini na saba zilichukuliwa usiku mmoja. Alisema binti huyu ndiye mlango wa pekee ambao ng'ombe wanaweza kurudi nao katika jamaa. Alisema watoto wake wamekaa nyumbani kwa kukosa pesa ya masomo. Hayo ni maumivu ya kweli, na Mungu anayaona. Vita ilimwibia, naye akatafuta wa kumlipa. Lakini aliyemwibia si mwalimu, wala si yaya wa mwalimu. Jeraha letu halitupi ruhusa ya kumkata mwingine.

Angalia mwisho wa Labani. Miaka ilipita, akaja Yakobo, mwana wa Rebeka. Yakobo hakuwa na ngamia. Mwanzo 32:10 inatuonyesha kwamba alivuka Yordani na fimbo yake tu. Labani akamkumbatia, kisha akamfanyisha kazi miaka saba kwa ajili ya Raheli, akamdanganya kwa kumpa Lea, akamwongezea miaka saba tena. Kisha akabadilisha mshahara wake mara kumi. Je, Labani alitajirika? Soma Mwanzo 31, mistari ya 14 na 15. Binti zake wenyewe, Lea na Raheli, walisema kwamba baba yao anawahesabu kama wageni, kwa kuwa amewauza na kula pesa yao. Na walipopata nafasi, waliondoka bila kumwaga. Alikula mahari, akapoteza mabinti. Alipata ng'ombe, akakosa wajukuu.

Wazazi, mtusikilize. Binti anaweza kunyamaza siku ya mahari, lakini hasahau. Anajua kama alipokelewa zawadi ya heshima, au kama aliuzwa. Na ile nyumba unayoiingiza katika deni leo ni nyumba atakayolala binti yako kesho. Deni la mkwe wako litakaa mezani kwa binti yako. Chakula ambacho watoto hawatakula ni chakula cha wajukuu wako.

Sheria ya nchi nayo inatusaidia. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaheshimu mahari, lakini inakubali ndoa ifungwe hata kama imetolewa sehemu tu. Kwa hiyo mtu asimwambie bwana arusi kwamba bila ng'ombe wa mwisho hakuna ndoa. Leta haisemi hivyo. Na Neno la Mungu halisemi hivyo.

Na kanisa pia lijichunge. Yakobo, katika waraka wake, sura ya 2, anasema juu ya mtu anayeingia kusanyikoni na pete ya dhahabu na nguo nzuri, halafu anapewa kiti cha heshima, wakati maskini anaambiwa asimame pale. Angalia, pete tena! Mgeni wa Kanada akiingia kanisani, asipelekwe kiti cha mbele kwa sababu ya koti lake, wala asitajwe kwa jina wakati wa sadaka ili watu wote wamwangalie. Akaribishwe kama ndugu aliyesafiri mbali. Apewe maji. Aombewe. Aulizwe hali ya watoto wake, na kama roho yake iko salama kule. Wako wanaorudi kutoka mbali baada ya miaka kumi, na hakuna hata mtu mmoja aliyewauliza kama bado wanaomba.

Jambo la pili: aliyetoka mbali aseme ukweli juu yake mwenyewe.

Rudi Mwanzo 24, mistari ya 33 na 34. Chakula kiliwekwa mbele ya mtumishi wa Abrahamu, naye akakataa kula mpaka aseme habari yake. Na neno la kwanza alilosema ni nini? Alisema yeye ni mtumishi wa Abrahamu. Fikiri! Ana ngamia kumi. Ana dhahabu. Hakuna mtu anayemjua katika mji ule. Angeweza kujifanya bwana mkubwa, na wangeamini. Lakini mbele ya kuonja chakula alisema: mimi ni mtumishi, na mali hii ni ya bwana wangu.

Ndugu zetu wa mbali, wengi wenu mnakula kwanza, na ukweli hamuusemi hata siku ya kuondoka. Mnakopa benki ili mje. Mnakodi gari kubwa juma zima. Mnatoa dolari mkononi kama mtu anayepanda mahindi. Mnapiga picha mbele ya gari ambalo si lenu. Kisha mnarudi kule kufanya kazi mbili, usiku na mchana, miaka mitatu, kulipa siku kumi na nne za kuonekana. Na mnapochoka, mnazima simu, na mama hapa anafikiri mmemsahau.

Na kuna ubaya zaidi. Kijana wa hapa anaangalia gari lile, anasema moyoni: mimi nafanya nini Bunia? Anauza shamba la baba. Anaingia katika njia za wasafirishaji wa watu, njia za jangwa na bahari. Wengine hatujasikia habari yao tena. Uongo mdogo wa arusi moja unaweza kumuua mtoto wa jirani.

Sasa sikia namna yule bwana wa Kanada alivyofanya. Siku ya tatu jamaa mbili zilikaa tena, sisi tukiwa katikati kama wachungaji wa pande mbili. Wajomba waliongea kwa muda mrefu. Akasimama, akasema:

"Wababa na wamama zangu, naomba mnisamehe, nitasema mambo ambayo mtu hasemi mbele ya wakwe. Mimi ninakata nyama usiku. Bibi yangu anaogesha wazee. Sisi wawili pamoja tunapata kama dolari elfu tano za Kanada kwa mwezi. Nyumba si yetu, tunalipa elfu moja mia tisa. Kuna chakula cha watu watano, kuna gari kwa sababu kazi ni mbali na usiku hakuna basi, kuna umeme wa baridi. Kila mwezi tunatuma mia nne hapa, kwa mama na kwa watoto wa marehemu dada yangu. Ili tuje kwenye arusi hii, tumekopa dolari elfu tisa. Tutailipa miaka mitatu. Bibi yangu ana kilema cha mgongo, lakini hawezi kuacha kazi. Mimi si tajiri. Mimi ni mtumishi. Nilikuja kwa sababu mdogo wangu hana baba wa kusimama naye."

Akatoa karatasi ya benki, akaiweka juu ya meza. Nyumba nzima ilinyamaza. Bibi yake alikuwa analia, si kwa huzuni. Alituambia baadaye kwamba tangu waondoke mwaka 2003, hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wa nyumbani kuwajua.

Wapendwa, ukweli ule ulimfungua yeye, na ulifungua nyumba nzima. Mzee mmoja wa upande wa bibi arusi akasema kwa sauti ya chini kwamba na wao walikuwa na aibu yao, kwamba walitaka ng'ombe wengi ili majirani wasiseme binti wa wakimbizi ametolewa bure. Kumbe pande zote mbili zilikuwa zinaficha umaskini! Mmoja anauficha kwa kutoa, mwingine anauficha kwa kuomba. Mtu mwenye aibu akikutana na mtu mwenye aibu, wanaumizana gizani. Taa ikiwashwa, wanaonana kuwa ndugu.

Je, tusitoe kitu? Hapana, hatusemi hivyo. Mtumishi wa Abrahamu alitoa zawadi, kwa Rebeka, kwa kaka yake na kwa mama yake. Soma mstari wa 53. Na Paulo anamwambia Timotheo, waraka wa kwanza, 5:8, kwamba asiyetunza watu wa nyumba yake ameikana imani. Toa! Lakini Yesu, katika Luka 14:28, anatufundisha kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Toa kile ulicho nacho, usitoe kile cha benki. Na ukitoa, kipeleke fasi kitakapozaa. Noti unazotawanya siku ya ngoma zinapasuka chini ya miguu ya wachezaji, na kesho yake hakuna mfanya biashara wa Bunia atakayezikubali. Lakini pesa ya masomo ya mtoto mmoja kwa mwaka mmoja, hiyo inakaa.

Jambo la tatu: binti aulizwe.

Mstari wa 55, kaka na mama ya Rebeka wanataka abaki siku kumi zaidi. Mtumishi anataka kwenda. Watu wakubwa wanavutana. Ndipo katika mistari ya 57 na 58 wanafanya kitu kizuri, pengine kizuri kuliko vyote vilivyofanyika katika nyumba ile: wanamwita binti mwenyewe na kumuuliza kama anakubali kwenda na mtu huyu. Naye anajibu kwamba atakwenda. Basi. Mabishano yakaisha. Wakambariki, na baraka yao iko katika mstari wa 60.

Miaka karibu elfu nne iliyopita binti aliulizwa. Leo hapa kwetu bado kuna nyumba ambako wazee wanakaa siku tatu juu ya ng'ombe, na binti yuko jikoni anapepeta mchele wa kulisha wanaomhesabu.

Katika kikao kile, shangazi mmoja mzee wa bibi arusi ndiye aliyesema: "Muiteni mtoto." Akaja, mikono ikiwa na unga. Akapiga magoti kama desturi. Shangazi akamuuliza: "Mwanangu, unamtaka mwalimu huyu?" Akasema ndiyo. "Na ukijua kwamba hana kitu?" Akajibu kwa upole: "Shangazi, na sisi tulipofika hapa hatukuwa na kitu. Yeye ndiye aliyewafundisha wadogo zangu bila kudai pesa, mwaka mzima, chini ya mwembe. Mimi nilimwona pale."

Alimwona pale! Wapendwa, binti alikuwa amemwona mtu, wakati watu wakubwa walikuwa wanatafuta pete. Sheria ya nchi yetu pia inataka bwana na bibi, wote wenye miaka 18 au zaidi, waseme ndiyo kwa kinywa chao wenyewe mbele ya mtu wa leta kwenye komini. Basi tusingoje komini ituulizie watoto wetu. Tuwaulize sisi wenyewe, mapema, nyumbani, na tukubali jibu.

Karatasi ya pili ilipasuliwa siku ile. Walirudi kwenye karatasi ya kwanza: ng'ombe watatu wakatolewa, wawili waje pole pole. Yaya wa Kanada hakununua moto. Alilipa masomo ya watoto wawili wa mjomba kwa mwaka mmoja, na alifanya hivyo kwa siri, kwa kumpa mkurugenzi wa masomo mkononi. Hatutawaficha: mjomba mmoja alikasirika, akasusa arusi, na kiti chake kilibaki wazi. Hata sasa hajasalimiana na mwalimu. Tunaendelea kwenda kwake. Msifikiri kwamba ukweli unafurahisha kila mtu siku ileile. Lakini ndoa ilifungwa, na nyumba ile ilianza bila deni.

Jambo la nne: Yesu ni mgeni wa arusi anayetusaidia bila kujionyesha.

Fungua Yoane sura ya 2, arusi ya Kana. Yesu naye aliitwa arusini pamoja na wanafunzi wake. Katikati ya karamu divai ikaisha. Ninyi mnajua aibu hiyo: wageni wako kwenye hema, muziki unapigwa, na jikoni mtu anakuja kunong'ona kwamba wali umeisha. Mama yake Yesu aliona. Akamwambia. Yesu akaagiza mitungi sita ya mawe ijazwe maji, na maji yale yakawa divai. Lakini soma mstari wa 9. Mkubwa wa karamu hakujua divai ile imetoka wapi. Watumishi waliochota maji ndio waliojua. Bwana arusi ndiye aliyesifiwa! Yesu, Mwana wa Mungu, mgeni mkubwa kuliko wageni wote waliowahi kufika katika arusi yoyote, aliokoa heshima ya nyumba ile, na sifa akamwachia mwenye nyumba.

Ninyi mnaotoka mbali, mtumikieni Bwana kwa mfano huo. Ukiona divai imeisha katika nyumba ya ndugu yako, jaza mtungi kimya kimya. Usichukue mikro. Acha mdogo wako awe bwana arusi wa arusi yake.

Na ninyi mnaobaki, mnaokaa hapa Ituri ambako tangu mwezi wa tano mwaka 2021 tuko chini ya utawala wa askari na bado tunazika watu, msiseme kwamba ninyi hamna cha kumpa mtu wa Kanada. Mnacho. Kule ana joto la mashine, hapa mnaweza kumpa joto la watu. Kule hakuna anayelijua jina la baba yake. Hapa yuko mzee anayeweza kukaa naye chini ya mti na kumwambia: baba yako alikuwa hivi, alipenda hivi, siku uliyozaliwa mvua ilinyesha. Mpelekeni kwenye kaburi la wazazi wake mbele ya kumpelekea karatasi yoyote. Mpikieni sombe na samaki wa ziwani. Waiteni watoto wake kwa majina ya babu zao. Zawadi hizo hazinunuliwi Kanada kwa dolari yoyote, na ndizo alizozifuata.

Tunamalizia. Sisi wote ni wageni katika dunia hii. Siku moja kila mmoja wetu atarudi nyumbani kwa Baba, kwa arusi kubwa kuliko zote, arusi ya Mwana-Kondoo. Hatutaingia na ngamia kumi. Hatutaulizwa tumetoka nchi gani, wala viza haitatakiwa, kwa kuwa ililipwa kwa damu pale msalabani. Na Bwana arusi hatatuangalia mkononi kutafuta pete. Mwana mpotevu alirudi mikono mitupu, na Luka 15 inatuambia kwamba Baba alimwona angali mbali, akakimbia, akamkumbatia, na pete ni Baba mwenyewe aliyeagiza avalishwe. Labani alikimbia kwa sababu ya pete aliyoiona. Baba yetu alikimbia kwa sababu ya mwana aliyemwona. Amina!

Juma hili, kama kuna arusi katika jamaa yenu, kaeni pamoja nyumbani, msome Mwanzo 24 kwa sauti, na kila mtu aseme ukweli wake. Kama kuna karatasi ya pili iliyoandikwa, ipasueni mbele ya jua kuzama. Kama kuna ndugu wa mbali mliyempigia simu kwa kuomba tu, mpigieni leo bila kuomba kitu. Mwambieni tu: tulikuwa tunataka kusikia sauti yako.

Tuombe.

Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa watoto wako waliotawanyika katika mataifa. Walinde katika kazi za usiku, katika baridi, katika upweke. Warudishe kwetu salama. Ponya jamaa ambazo vita ilizinyang'anya mali, na usiache uchungu uwafanye kuwa na jicho la Labani. Mguse mjomba yule ambaye kiti chake kilikuwa wazi. Bariki vijana wote wanaojiandaa kwa ndoa mwaka huu hapa Ituri. Uwape nyumba zisizo na deni na zisizo na uongo. Utupe kuona mtu mbele ya kuona pete. Tunaomba hayo katika jina la Yesu Kristo. Amina.